Fundi wa mikanda wa Ngamiani na Kenny Dalglish wa baba yangu

Kama una mikanda ya zamani ya video ndani ya kabati, ile mikubwa ya plastiki nyeusi, na unajiuliza kama Tanga bado kuna mtu wa kuihamishia kwenye flashi, yupo. Yuko Ngamiani, mtaa wa nyuma ya Barabara ya 12, chumba kimoja chenye mlango wa bluu, katikati ya fundi viatu na mama anayeuza mbaazi na maandazi asubuhi. Hana bango. Uliza "fundi wa deki", hata watoto watakupeleka.

Mimi nilimpelekea mikanda sita. Minne imerudi mizima, mmoja umerudi nusu, mmoja umekufa. Bei na kasoro zake nitazisema, lakini kwanza ujue mikanda yenyewe ilikuwa ya nini, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima kama mimi nilikaa siku tatu kwenye benchi la fundi nikitazama mpira wa miaka ya themanini.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa bandari hapa Tanga. Kazi yake kuhesabu marobota ya katani yakiingia melini. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa baharia, na kwa miaka kadhaa meli zake zilikuwa zikifika Liverpool. Akirudi, mama huletewa sabuni za kunukia, bibi huletewa blanketi. Baba aliletewa Kenny Dalglish, mchezaji wa Liverpool, ndani ya mikanda ya video.

Wakati ule Tanzania Bara hatukuwa na televisheni, ilikuja miaka ya tisini. Baba alinunua seti na deki kwa baharia aliyekuwa na shida ya pesa, na watu wa mtaa wetu wakaiona Anfield, uwanja wa Liverpool, sebuleni kwetu miaka mingi kabla ya kuiona taarifa ya habari. Wanaume walikaa mkekani, wanawake mlangoni, sisi watoto tulikaa mbele kabisa mpaka tufukuzwe. Wazee walilitamka jina lake "Daglishi", nami nimekua nalo hivyo hivyo.

Daglishi ni mtu wa Glasgow, Mskoti, kazaliwa 1951. Alikulia kisoka Celtic, kwa kocha Jock Stein. Mwaka 1977 Liverpool walimnunua kwa pauni 440,000 aje kuziba pengo la Kevin Keegan aliyekwenda Hamburg, wakampa na jezi ile ile, namba 7. Baba alikuwa akisema kuvaa jezi ya mtu aliyependwa ni kama kuolewa kwenye nyumba aliyofia mke mwema: kila utakachopika kitaonjwa kwa kulinganishwa. Msimu wake wa kwanza tu, Mei 1978, fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, bao lilikuwa moja na lilikuwa lake, dhidi ya Club Brugge.

Huo ndio mkanda uliokufa. Na haukufia kwa fundi wetu. Miaka kumi hivi iliyopita niliupeleka kwenye duka moja Dar es Salaam, wakautia kwenye deki bila hata kuufungua kuutazama, deki ikautafuna. Nilirudishiwa ndani ya mfuko wa rambo, utepe umening'inia nje kama utumbo. Fundi wa Ngamiani aliushika, akaugeuza, akauvuta utepe kidogo kwa kidole, akaniambia, "Mama, huu siwezi kukudanganya. Mahali palipokunjika picha imeng'oka. Nikikuambia nijaribu, nitakula hela yako bure." Hakunitoza hata senti. Nilimwamini kuanzia hapo.

Bao lenyewe ninalo kichwani, nalo halijaingia ukungu. Souness anampenyezea pasi, kipa anatoka langoni, na Daglishi hapigi. Anangoja. Anangoja mpaka kipa aanze kwenda chini, ndipo anaudokoa mpira unapita juu yake taratibu, kisha anakimbia na kuruka mbao za matangazo. Baba alikuwa akiusimamisha mkanda hapo kwenye kungoja. "Tazama," anatuambia, "ana haraka huyu?"

Sasa kazi ya fundi. Mikanda yangu ilikaa kwenye kasha la bati kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na Tanga yetu mnaijua, chumvi ya bahari na joto havimwachi mtu wala kitu. Ukichungulia kwenye kile kidirisha cha mkanda unaona weupe kwenye ukingo wa utepe, kama unga uliomwagika. Ni ukungu. Ukiutia mkanda wa namna hiyo kwenye deki, ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki, na kila mkanda utakaofuata utaambukizwa.

Kijana huyu anafunga barakoa kwanza. Anafungua skrubu tano za nyuma kwa bisibisi ndogo kama ya fundi saa, anainua kifuniko polepole kwa sababu ndani mna springi ndogo inayopenda kuruka. Anatoa roda mbili zenye utepe, anaziweka juu ya kitambaa cheupe. Kisha anachukua kitambaa kingine laini kisicho na manyoya, anakilowesha spiriti, anaubana utepe katikati ya vidole viwili na kuanza kuuzungusha kwa mkono kutoka roda hii kwenda ile. Mita kwa mita. Mkanda wa saa tatu una utepe wa zaidi ya mita 250. Anabadilisha kitambaa kila kikichafuka. Mkanda wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima, na vitambaa vilivyotoka pale vilikuwa vya rangi ya chai ya rangi. Akimaliza anaziweka roda kwenye ganda jipya alilolitoa kwenye mkanda wa harusi ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua, ndipo anaucheza.

Hapo hakuna njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu unahama kwa saa tatu. Deki inacheza, waya unapeleka picha kwenye kompyuta, na mtu anatakiwa akae hapo kwa sababu umeme ukikatika unaanza upya. Kwangu ulikatika mara mbili. Ndiyo maana nilikaa. Na niliona mengi.

Wa kwanza kucheza ulikuwa wa 1986. Chenga chenga kidogo, mistari miwili ikapita, halafu rangi ikatulia na nikaona kama baba amehamia kwenye picha, maana ninajua kila kinachofuata kwa sauti yake. Liverpool walikuwa wametoka kwenye maafa ya Mei 1985 ya uwanja wa Heysel, Brussels, ambako mashabiki walikufa, kocha Joe Fagan akaondoka, na Daglishi akapewa timu hali bado anacheza. Miaka 34, mchezaji na kocha kwa pamoja. Anapanga kikosi kisha anajiweka au hajiweki. Msimu ule wa kwanza tu, siku ya mwisho ya ligi, walikwenda Chelsea wakihitaji ushindi. Beglin akampa mpira wa juu, Daglishi akautuliza kifuani na kuupiga kabla haujagusa chini. Bao moja kwa bila. Kocha ndiye kafunga bao la ubingwa. Wiki moja baadaye wakamfunga Everton 3-1 kwenye fainali ya Kombe la FA, baada ya kutanguliwa na bao la Lineker. Ligi na kombe kwa mwaka mmoja. Fundi, ambaye ana miaka kama ishirini na sita na kwake Liverpool ni Salah na Klopp, aliacha kazi akasogea. "Kocha mwenyewe ndiye huyo anayetabasamu?" Nikamwambia ndiye. Akarudisha nyuma, tukalitazama bao mara tatu.

Mkanda wa 1988 sina haja ya kuueleza sana. Ni msimu wa Barnes, Beardsley na Aldridge, mechi 29 za mwanzo za ligi bila kufungwa. Ila kwetu mwaka huo una maana nyingine pia, kwa sababu ndio mwaka Coastal Union yetu ilipotwaa ubingwa wa Tanzania. Baba aliuita "mwaka wangu". Juu ya lebo ya mkanda ameandika kwa kalamu ya buluu: Liverpool 88, na chini yake, Wagosi 88, ingawa ndani hakuna hata dakika moja ya Coastal. Nilimwomba fundi asiitupe lebo. Ameibandua kwa mvuke wa birika na kunirudishia ndani ya karatasi ya nailoni. Sikumlipa ziada kwa hilo, na hakuomba.

Wa 1989 nilitaka niutazame peke yangu, lakini chumba ni kimoja.

Ni fainali ya FA ya tarehe 20 Mei 1989, Liverpool na Everton, 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Rush wa Liverpool katoka benchi kafunga mawili. Ila kabla ya mpira wenyewe kuna watu waliosimama kimya, na baba hakuwahi kuparuka hapo. Wiki tano kabla, tarehe 15 Aprili, nusu fainali na Nottingham Forest pale Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa uwanja. Idadi ya waliokufa leo inahesabiwa 97. Wengi vijana. Daglishi alikuwa kocha, mtu wa mpira, hakuna sheria iliyomtaka afanye lolote zaidi ya mpira. Alikwenda hospitali kukaa na majeruhi. Uwanja wa Anfield ulifunguliwa watu walete maua, yeye na mkewe Marina wakawa pale na familia za marehemu siku baada ya siku. Akahakikisha hakuna maziko yanayokosa mtu wa klabu. Yeye mwenyewe alihudhuria mengi, na kuna siku moja alizika wanne.

Hapo ndipo baba alipompendea hasa, mabao yalikuwa nyongeza. Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa kwenda kuzika. Mtu anaweza kukukosa kwenye harusi ukamsamehe. Akikukosa kwenye msiba, utamkumbuka nao. Na baba, aliyekuwa hakosi maziko tangu Chumbageni mpaka Mabokweni, hata ya kuli ambaye hawakuwahi kusalimiana vizuri, alikuwa akinyoosha kidole kwenye kioo na kumwambia mjomba: "Shemeji, huyu Mzungu anajua kuzika."

Nilimweleza fundi habari hiyo huku picha ya watu waliosimama kimya inapita. Hakusema kitu. Alinyanyuka akazima feni ili tusikie vizuri.

Mkanda ulioponea nusu ni wa Februari 1991, marudiano ya FA na Everton, 4-4. Liverpool wanatangulia mara nne, wanarudishiwa mara nne. Utepe wake ulikuwa umeshikana, na sehemu fundi aliyoikata na kuiunga kwa gundi maalumu ina chenga zinazoumiza macho. Kinachoonekana vizuri ni kipindi cha kwanza na vipande vya nyongeza. Siku mbili baada ya mechi ile, tarehe 22 Februari, Daglishi alijiuzulu huku timu yake ikiongoza ligi. Alisema mzigo umemzidi. Magazeti yalishangaa. Baba hakushangaa hata kidogo. "Amebeba jeneza miaka miwili bila kulitua," ndivyo alivyomwambia mjomba, na mimi nilikuwa naosha vyombo uani nikasikia.

Kasoro za fundi nizitaje hapa, ili asinione nimemsahau. Moja, alichelewa. Aliniahidi wiki, zikawa wiki tatu, na simu yake ikawa haipokelewi kwa siku nne. Alikuja kuniambia alikuwa anauguza Lushoto. Nilimwelewa, lakini angetuma ujumbe. Mbili, majina ya mafaili aliyapanga vibaya, Everton wote watatu akawaita "Everton" na namba, ikabidi nikae naye tupange upya. Tatu, na hii ni kubwa, faili la kwanza la 1986 sauti ilikuwa imetangulia picha. Watu wanapiga kelele za bao kabla mguu haujaufikia mpira. Niligundua nikiwa nyumbani, nikarudi nalo, akalicheza upya kuanzia mwanzo, saa tatu nyingine, bila malipo na bila kununa. Kwa hiyo ukichukua kazi yako, usiondoke kabla hujaitazama palepale, hasa katikati ya faili, maana mwanzo unaweza kuwa sawa na katikati pakawa pameteleza.

Bei: shilingi 10,000 kwa mkanda mzima, ukiwa na ukungu anaongeza 5,000 kwa kuusafisha. Flashi uje na yako, ya GB 32 inatosha kwa mikanda sita. Mimi nililipa 65,000, yaani mitano na usafishaji wa mitatu. Kuna watu watasema ni ghali. Waende wakazungushe mita 250 kwa vidole ndipo tuzungumze. Anafungua saa tatu asubuhi, Ijumaa anafunga mapema na harudi. Mikanda ya harusi na ya maulidi anaipokea pia, na kanda za redio, ila za redio sijamjaribu.

Nimeuacha wa 1995 mwisho kwa sababu ndio uliokuwa unanitia hofu.

Oktoba 1991 Daglishi alikwenda Blackburn Rovers, timu ya mji mdogo iliyokuwa daraja la pili, mwenye nayo ni Jack Walker, tajiri wa chuma. Akawapandisha 1992, akamnunua Shearer kutoka Southampton, baadaye Sutton kutoka Norwich. Msimu wa 1994/95 Shearer peke yake alifunga mabao 34 ya ligi. Siku ya mwisho, tarehe 14 Mei 1995, Blackburn wanaongoza, Manchester United wanawafuata, na mechi ya Blackburn ni wapi? Anfield. Daglishi anarudi kwenye uwanja wake mwenyewe kutafuta ubingwa kwa timu nyingine, na Liverpool wakishinda wanaweza kumpa Manchester ubingwa.

Mjomba alikuwa na rafiki Liverpool aliyemrekodia mechi ile kutoka kwenye televisheni. Tatizo, rafiki yule hakuwa na mkanda mtupu. Alirekodi juu ya mkanda uliokwisha kuwa na tamthilia, mechi ikaanzia katikati ya utepe. Kwa hiyo: Shearer anafunga, Blackburn wanaongoza. Kipindi cha pili Barnes anasawazisha. Kamera inamwendea Daglishi kwenye benchi, koti, uso umekaza, macho hayako uwanjani tena, yako kwa watu wenye redio ndogo masikioni. Dakika zinakwenda. Halafu utepe unaisha. Kioo cheusi, deki inagonga, inaanza kujirudisha nyuma yenyewe.

Nilitaka kujua kama fundi ataupata mwisho huo, kama labda deki yetu ya zamani ndiyo ilikuwa inakata mapema. Aliuvuta mpaka ukingo. Sekunde tisa zaidi. Mpira wa kurusha, basi.

Kwa hiyo mwisho wa mechi ile kwetu haujawahi kuonekana, umesimuliwa tu. Baba ndiye aliyeusimulia, alikuwa ameusikia redioni BBC. Baada yake Daglishi alikwenda Newcastle, mwaka 1997, kuchukua tena nafasi ya Keegan yule yule, na haikudumu. Mwaka 2011 Liverpool walimwita tena, nami nilimtazama akibeba Kombe la Ligi 2012 kwa penalti dhidi ya Cardiff, nikiwa nimesimama nje ya kibanda cha mpira Makorora kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi. Baba hakuyaona hayo, alitutoka 2009.

Jumapili iliyopita nilichomeka flashi kwenye runinga. Wanangu wawili, mmoja shabiki wa Arsenal na mmoja wa Yanga tu basi, walikaa mpaka Barnes akasawazisha. Kioo kikawa cheusi. Yule mdogo akaruka: "Mama, imekata! Ikawaje?"

Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia kwamba dakika za mwisho kabisa Liverpool walipata mpira wa adhabu, Jamie Redknapp akaupiga ukaingia, 2-1. Blackburn wamefungwa. Na kwenye benchi lao watu wakaanza kurukaruka na kukumbatiana, kwa sababu redio zilikuwa zimeleta habari kutoka London: Manchester imetoka sare na West Ham, 1-1. Pointi 89 kwa 88, ubingwa wa kwanza wa Blackburn tangu 1914. Na Anfield nzima, watu wa Liverpool, wakasimama kumpigia makofi kocha wa timu waliyotoka kuifunga.

"Wewe uliona?" akaniuliza yule mkubwa.

"Babu yenu alisikia," nikamwambia, nikachomoa flashi.